Mwongozo wa Kuisaka Nishati, kutoka Mbinga hadi Ufukweni

Mwalimu, weka chaki chini. Usiiweke mezani, iachie kutoka urefu wa bega lako, ianguke sakafuni mbele ya darasa zima la nne. Itavunjika na watoto watacheka. Sasa waulize: kile kishindo kimetoka wapi? Chaki ilikuwa imetulia mkononi mwako, haina sauti wala mwendo, mara ikashuka, ikalia, vipande vikatapakaa hadi chini ya dawati la mbele. Kumbe ndani ya ule utulivu kulikuwa na kitu. Kitu hicho ndicho darasa lako litakachokisaka wiki nzima, na kipande kimoja cha chaki ndiyo gharama yote ya kuanzia.

Kitabu kitakuelekeza uanze na maana: nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Kisha ije orodha: mwanga, joto, sauti, umeme, mwendo, kemikali. Maana hiyo ni sahihi, na orodha hiyo itaulizwa kwenye mtihani, kwa hiyo sikwambii uitupe. Nakwambia uicheleweshe. Mtoto wa miaka kumi akipewa jina kabla ya kukiona chenyewe, hushika jina. Ataliimba vizuri, atapata vema, kisha atarudi nyumbani na kukaa mbele ya mafiga matatu bila kujua kwamba kile alichokiimba asubuhi kiko pale kinachemsha maharage.

Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, aliwahi kuwaeleza walimu wa sayansi wa nchi yake juu ya kitabu cha watoto kilichomchukiza. Ilikuwa mwaka 1966, jijini New York. Kitabu hicho kilichora mbwa wa bandia anayetembea akishakazwa ufunguo, kikauliza ni nini kinachomfanya atembee, na jibu lililotakiwa lilikuwa moja tu: nishati. Feynman alisema mtoto hajafundishwa chochote hapo zaidi ya neno. Afadhali afungue tumbo la mbwa aione springi, aulize nani aliikaza, aliyeikaza alikula nini, na chakula hicho kilikuaje, hadi afike kwenye jua. Mwongozo huu umejengwa juu ya ushauri huo, ila mbwa wa bandia hatumhitaji. Kati ya milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa tuna vifaa vya kutosha kumfurahisha Feynman mwenyewe.

Sheria za msako ni chache. Kila kitu kinachotembea, kinacholia, kinachowaka au kinachopata moto kinaulizwa maswali mawili: nishati yako imetoka wapi, na inakwenda wapi? Jibu la "nishati" peke yake halipokelewi. Maneno "imeisha" na "imepotea" yamepigwa marufuku, kwa sababu tunayemsaka ni mwizi wa ajabu: hubadili nguo kila kona, lakini hafi. Anayesema "imeisha" akimbie mara mbili kuzunguka mlingoti wa bendera, arudi akihema, kisha alieleze darasa uji wake wa asubuhi umekwenda wapi. Mwalimu akiteleza naye akimbie. Tafadhali teleza angalau mara moja, maana mwalimu anayehema na kutoka jasho ni kifaa kizuri cha kufundishia. Wamshike mkono waone ulivyo na joto, wasikilize pumzi, wahesabu mapigo ya moyo. Chakula kimegeuka mwendo, mwendo umezaa joto, na joto limeingia hewani. Hapo hujaandika neno ubaoni.

Kama mko upande wa milimani, msimu wa mavuno ya kahawa usikupite ukiwa darasani. Omba ruhusa kwa mzazi mwenye mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na uende na darasa zima. Wafundishe kwanza kumwamkia mwenye mashine, "Shikamoo baba, shikamoo mama," kwa sababu unaingia kwenye kazi ya watu na siku ya mavuno haina nafasi ya wageni wasio na adabu. Kisha mpe kila mtoto zamu kwenye mpini.

Zamu ya kwanza azungushe mashine tupu. Ya pili, mwaga kahawa mbivu ndani. Atasikia mkono unavyokuwa mzito, na hapo ndipo somo linapoanza. Mwulize kwa nini umekuwa mzito. Atasema kahawa inakataa. Jibu zuri sana, liandike. Nishati inayotoka kwenye bega lake inapasua maganda mekundu, inasukuma punje upande mmoja na maganda upande mwingine, inatoa kelele, na baadaye inapasha moto chuma pale kinaposuguana. Mwenye mashine akishaisimamisha kabisa, na yeye akiwa amekubali, wenye zamu waguse sehemu ya nje karibu na ekseli kulinganisha na asubuhi. Usikubali mtoto akwambie kwamba nishati yote imekwenda kwenye kumenya. Iliyokwenda kwenye kelele ni ya nani? Iliyopasha chuma ilitoka wapi kama si kwenye bega lilelile?

Mkiwa hapohapo, onyesha chanja za kukaushia. Punje zilizooshwa utelezi zimelala kwenye jua siku kadhaa, zinageuzwa kwa mikono, na maji yanatoka ndani yake yakipaa bila kuni hata kijiti kimoja. Watoto wengi hawalihesabu jua kuwa ni mfanyakazi, labda kwa sababu halidai ujira. Waambie wakadirie: kama kahawa yote ya kijiji ingekaushwa kwa moto, msitu gani ungebaki? Waache wabishane. Wale ambao hukatiwa usingizi alfajiri kwenda kutafuta kuni wataongea zaidi ya wengine, na wasikilizwe.

Sasa nakuomba usimame kidogo kwenye mteremko wenye ngoro. Watoto wa Umatengo wamezaliwa wakaziona, kwa hiyo hawazioni. Babu na bibi zao walibuni kilimo hiki cha vishimo kwenye miteremko mikali, ambako mkulima wa mahali pengine angeweka mikono kiunoni na kuondoka. Nyasi hukatwa na kulazwa katika mistari inayokatiza, zikafanya miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi, na juu ya kingo hupandwa maharage, baadaye mahindi. Ukiutazama mlima kutoka ng'ambo ya bonde, umejaa vishimo kutoka kileleni hadi mtoni.

Mara nyingi hutajwa ngoro kwa sababu ya rutuba, na ni kweli nyasi zilizofukiwa huoza na kulisha mazao. Kwa somo letu kuna jambo lingine. Mvua inayonyesha mlimani ina nishati tuli, kwa sababu iko juu na inataka kushuka. Mteremko ukiwa laini, maji huanza polepole, yakaongeza kasi, nishati tuli ikageuka ya mwendo, na maji yenye mwendo hubeba udongo. Kwenye ngoro, kila tone linateremka hatua moja, linatumbukia shimoni, linasimama. Mwendo wake unaishia kwenye msukosuko mdogo na joto dogo lisilopimika kwa mkono. Udongo unabaki shambani. Wamatengo walimvua mwizi wetu nguo za mwendo kabla hajafika chini, na walifanya hivyo vizazi kadhaa kabla hujapewa kitabu cha sayansi ukafundishe watoto wao.

Jaribio lake ni rahisi na lina matope, ndiyo maana watalipenda. Tafuta mabati mawili mapana, au mbao mbili zenye kingo, ujaze udongo wa aina moja, uzilaze kwa mteremko uleule. Moja isawazishwe kwa kiganja. Nyingine wanafunzi waitobolee ngoro ndogo kwa vidole, mstari kwa mstari. Mimina maji kwa kopo lililotobolewa, kiasi kilekile kila upande, na ukinge yanayotoka chini kwa vyombo viwili vyeupe. Hutahitaji kueleza kitu. Chombo kimoja kitakuwa na uji wa udongo, kingine kitakuwa na maji machache yaliyo safi zaidi. Mtoto atakayekumbuka kwamba mito ya milimani hatimaye huingia ziwani, akauliza ule uji wa udongo ungewafanya nini samaki, mpe nafasi amalize swali lake hata kama kengele imelia.

Maji yanayoshuka yakizuiliwa na ngoro yanatunza shamba. Yakipitishwa kwenye gurudumu yanafanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kindimba, wilayani Mbinga, walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka Japani kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Na kwenye mto Ruvuma wenyewe, masista Wabenediktini wa Chipole wana kituo cha Tulila kinachoweza kuzalisha megawati 5 za umeme, kilichoanza kazi mwaka 2015. Nataja masista kwa makusudi. Kwenye kila darasa yuko msichana aliyeshaambiwa kwamba mashine ni za wavulana. Mwulize yeye wa kwanza: maji yakianguka Tulila, yanabadili nguo mara ngapi kabla ya kuwa mwanga? Maji ya juu, mwendo, mzunguko wa turbini, umeme, halafu taa. Kisha mwambie arudi nyuma: nani aliyapandisha maji huko juu?

Swali hilo lina thamani ya kipindi kizima. Nani aliyabeba maji hadi milimani? Watatajwa mawingu. Nani aliyapeleka mawinguni? Hapa watoto wa Nyasa wana faida kuliko wenzao wa nchi kavu, maana maji wanayoyaona kila siku ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Ziwa Nyasa hayapiti mto Shire kule Malawi. Hupaa angani kama mvuke. Jua linapasha uso wa ziwa, mvuke unapaa, mawingu yanajikusanya, na mvua inawanyeshea walio juu. Kwa hiyo jua ni mbeba maji mkubwa kuliko wote mnaowafahamu, na taa inayowashwa na maporomoko ni jua lililopitia mawinguni na mtoni.

Taa ya darasani ikiwaka, usiseme kwamba umeme unatoka ukutani. Watoto wa Mbinga wanastahili historia ya ukuta wao. Mwaka 2018 ilikamilika njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, na mkoa wa Ruvuma ukaungwa kwenye gridi ya taifa. Kabla ya hapo miji ya huku ilitegemea sana majenereta ya dizeli. Swichi ni ileile, balbu ileile, lakini ukoo wa mwanga umebadilika. Wazee waulizwe kuhusu muungurumo na moshi wa jenereta: ile kelele ilikuwa sehemu ya dizeli iliyoshindwa kufika kwenye balbu.

Sasa teremkeni. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66, na kwa mwalimu wa nishati ni ubao mrefu kuliko wowote aliowahi kupewa. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko mita 474 hivi. Kila kinachosafiri kati yao kinashuka zaidi ya mita 800, na mita hizo lazima zitolewe hesabu. Watoto waliowahi kupanda lori au basi kwenye miteremko hiyo wanaijua harufu ya breki. Waulize ile harufu ni ya nini.

Hesabu hii ni yako, mwalimu, ili usimame mbele yao ukiwa na uhakika. Lori la tani 30 likishuka mita 800, nishati linayopaswa kuitua ingetosha kuchemsha lita 700 za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 20. Ni mapipa matatu na nusu ya maji yanayotokota. Sehemu ya nishati hiyo hubebwa na upepo na matairi, sehemu huzuiwa na injini pale dereva mwenye busara anaposhuka na gia nzito, na iliyobaki huingia kwenye breki. Dereva anayeshuka kwa breki tupu anamlundika mwizi wetu mahali pamoja, akiwa amevaa joto. Ndiyo maana breki huungua, na ndiyo maana somo hili linaweza siku moja kuokoa basi zima, kama mmoja wa watoto hawa atakuja kuwa dereva.

Breki za lori zisiguswe na mtoto yeyote, lisimame au lisisimame. Tumia baiskeli. Igeuze, magurudumu juu, mtoto mmoja azungushe pedali kwa nguvu, mwingine abane tairi kwa kitambaa kilichokunjwa hadi lisimame, mbali na spoki na mnyororo. Warudie mara kadhaa haraka haraka. Kisha kitambaa kipitishwe shavuni kwa kila mwanafunzi. Kina moto. Mwendo wa gurudumu haukuisha. Uko kwenye kitambaa.

James Joule, Mwingereza aliyekulia kwenye familia yenye kiwanda cha bia, alifanya jambo lilelile katika miaka ya 1840 kwa uangalifu mkubwa zaidi. Aliacha vizito vishuke, vikazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima joto la maji lilivyopanda. Inasimuliwa kwamba hata kwenye fungate lake, mwaka 1847, alibeba kipimajoto ili alinganishe maji ya juu na ya chini ya maporomoko. Angekuja huku tungempa kazi. Maji yakianguka kutoka kimo cha Mbinga hadi ziwani, na nishati yake yote ya kushuka ikabaki ndani yake kama joto, yangekuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi 2 tu. Mita 800 za mlima, nyuzi 2! Mtoto akiambiwa hivyo anaanza kuelewa kwa nini kuchemsha sufuria moja ya maji kunameza kuni nyingi vile, na kwa nini mama akimwambia afunike sufuria hamsumbui bure.

Yale malori mengine yanayopita Kitai yakiwa yamefunikwa maturubai, yamebeba makaa ya mawe ya machimbo ya Ngaka. Hapa usikae sana, lakini usipite kimya. Omba kipande kimoja, kikae mezani, kisiwashwe. Mawe haya yalikuwa mimea ya mabwawani iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya kuwapo ng'ombe, mahindi au mtu. Mimea hiyo iliota jua la wakati wake na kulihifadhi. Makaa yakichomwa leo kwenye tanuri la saruji, jua hilo la kale linatoka pamoja na moshi uliokuwa umefungiwa nalo muda wote huo. Swali la moshi unakokwenda nalo ni swali la msako, na mtoto wa Mbinga, ambaye malori yanapita karibu na kwao, ana haki ya kuliuliza kwa sauti.

Mkifika mwambaoni, iwe Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, ombeni kuzungumza na wavuvi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla hawajaingia majini jioni. Mtoto ambaye baba yake huvua ndiye mwalimu wa kipindi hiki, nawe kaa kwenye mchanga na daftari lako. Ataeleza jinsi taa zinavyowashwa usiku wa giza, usipa wakakusanyika chini ya mwanga, nyavu zikawazunguka. Atajua pia kwamba siku za mbalamwezi kali uvuvi huwa hafifu, na wenzake wapewe nafasi ya kutafuta sababu wenyewe: mwezi umewasha taa ziwa zima, ya mvuvi haivutii tena.

Zamani taa ilikuwa karabai. Kama bado kuna moja kijijini inayofanya kazi, iwashwe na mtu mzima, watoto wanyooshe viganja kwa mbali. Halafu waweke viganja mbele ya taa ya kisasa ya betri. Mafuta ya taa yaliyoungua kwenye karabai yalitoa joto jingi kuliko mwanga, na mvuvi alilipia yote mawili ingawa samaki walitaka moja. Taa ya betri iliyochajiwa kwa sola ina safari ya kuchekesha: jua la mchana limegeuka umeme kwenye paneli, umeme ukajificha kwenye betri kwa njia ya kemikali, usiku ukatoka tena kuwa mwanga. Wavuvi wanavua usiku kwa jua.

Na usipa wenyewe? Nao ni jua. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hunasa mwanga juu ya ziwa. Viumbe vidogo huula mwani. Usipa hula viumbe hivyo. Samaki aitwaye mbasa humla usipa. Mtoto hula wote wawili na ugali. Zile nguzo nyeusi za nkungu zinazosimama juu ya maji kama moshi ni sehemu ya mnyororo huu pia: ni inzi wadogo ambao utotoni waliishi ziwani, mchana wakijificha vilindini, usiku wakipanda kula, hadi siku wanapoota mabawa na kuruka kwa mamilioni.

Hapa cheza mchezo wa punje 1,000. Darasa la watoto arobaini, kila mmoja aje na punje ishirini na tano za mahindi, na zote ziwekwe kwenye khanga moja mchangani. Hiyo ndiyo nishati iliyo ndani ya mwani. Kwa kadirio linalotumiwa na wanaikolojia, takriban sehemu moja kati ya kumi tu hupanda hadi ngazi inayofuata. Nyingine hutumika kuogelea, kupumua na kuishi, ikatoka kama joto, au hubaki kwenye mabaki yasiyoliwa. Viumbe vidogo wachukue punje 100. Usipa wachukue 10. Mbasa achukue 1. Mpe ile moja mtoto mdogo kuliko wote, kisha waulize kwa nini ziwa linaweza kulisha watu wengi kwa usipa na wachache kwa mbasa. Ukiona wameduwaa wakitazama lile rundo la punje 900 pembeni, usiwaharakishe.

Sauti niliiweka mwisho kwa kuwa ndiyo inayohitaji watu wengi. Ngoma ya mganda haichezwi na mtoto mmoja, wala ya kioda haichezwi na mama mmoja. Omba ngoma kwa wenyewe, uisimamishe ngozi ikiwa juu, nyunyiza mchele mkavu juu ya ngozi, umwambie anayejua kupiga aanze polepole. Mchele utaruka. Piga ngoma ya pili karibu yake bila kuigusa ya kwanza, na mchele bado utatikisika, maana hewa imebeba nishati kutoka ngozi hadi ngozi. Mkono, ngozi, hewa, sikio. Wachezaji watatoka jasho, vumbi litapanda, na hakuna atakayedhani kwamba yuko kwenye kipindi cha sayansi, jambo ambalo mkaguzi akifika unapaswa kumweleza bila aibu, ukimwonyesha mchele.

Siku ya mwisho, ndipo uandike ile maana ubaoni: nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Andika na aina zake, nafasi zikiwa wazi, nao wajaze mifano: bega kwenye mashine ya kahawa, maji ya Tulila, kitambaa kwenye tairi, betri ya mvuvi. Watajaza haraka, kwa sababu majina yamekuta vitu vimeshafika. Kisha wape mtihani wangu wa pekee. Kila mtoto aje kesho na kitu kimoja kinachotoa nishati ambayo haikutoka kwenye jua. Mvulana ataleta kiberiti, darasa litamrudisha hadi kwenye mti. Msichana ataleta upepo wa ziwani, nao utarudishwa juani kwa sababu ni jua linalopasha nchi kavu na maji kwa viwango tofauti. Wataanza kudhani hakuna jibu.

Jibu lipo mkoani mwao. Kwenye mto Mkuju, wilayani Namtumbo, kuna madini ya urani, na nishati iliyomo ndani yake haikutoka kwenye jua hili. Atomi zake zilitengenezwa katika misukosuko ya nyota nyingine kabla jua letu halijazaliwa, zikaja kuwa sehemu ya dunia ilipoundwa. Sehemu ya joto la tumboni mwa dunia hutokana na atomi za namna hiyo zinazovunjika taratibu, na joto hilo linachangia nguvu zinazotanua Bonde la Ufa ambamo Ziwa Nyasa limelala, lenye kina cha mita 700 hivi. Akitokea mtoto akauliza nishati ya hizo nyota nyingine nayo ilitoka wapi, usimtume kukimbia mlingoti. Mwambie ukweli, kwamba swali lake linafika mwanzo wa ulimwengu, na mtengeeni kipindi cha Jumatatu.